Pikapu za Gitaa la Besi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wapigaji wa Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa wapiga besi wa kwaya, wa bendi za dansi na wa vikundi vya taarabu wanaoleta magitaa yao mezani kwangu hapa Mtwara mjini, pamoja na wale wa Lindi, Masasi na Newala ambao hupiga simu kwanza kuuliza kama inafaa kupanda basi na gitaa. Wengi huja wakiwa wamekwisha kuamua kununua pikapu mpya. Zaidi ya nusu yao huondoka na pikapu ileile waliyokuja nayo, ikiwa imeinuliwa, imesafishwa au imefungwa waya upya. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine pasipo kurudia maneno.

## Misingi

1. Pikapu ni nini, na inafanyaje kazi?

Tuondoe utata kwanza, kwa sababu nimewahi kupigiwa simu na mtu aliyetaka kujua pikapu ninayouza inabeba tani ngapi. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma uliopita juu ya sumaku hiyo nao huwa na usumaku kidogo. Unapotikisika, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilika, na badiliko hilo huzaa umeme mdogo ambao amplifaya huukuza. Kwa hiyo pikapu haisikii hewa kama maikrofoni inavyosikia, bali inafuatilia mwendo wa chuma. Jambo hili moja linaeleza mengi yanayofuata: kwa nini aina ya nyuzi ni muhimu, kwa nini umbali kati ya uzi na sumaku ni muhimu, na kwa nini mahali pikapu ilipokaa kwenye bodi ni muhimu kuliko vyote.

Waya unaotumika mara nyingi una kipenyo cha takriban milimita 0.063, yaani karibu sawa na unywele, na pikapu ya besi inaweza kuwa na mizunguko ipatayo 10,000. Kumbuka wembamba huo utakapofika kwenye swali la 6.

2. Kuna aina gani za pikapu za besi?

Majina mengi yanatokana na magitaa yaliyozitumia kwanza. Kampuni ya Fender ya Marekani ilitoa Precision Bass mwaka 1951 ikiwa na pikapu ya koili moja, kisha mwaka 1957 ikaibadilisha kuwa pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kila kipande kikishughulikia nyuzi mbili. Hiyo ndiyo inayoitwa pikapu ya P hadi leo. Mwaka 1960 ilifuata Jazz Bass, yenye pikapu mbili nyembamba na ndefu, kila moja ikiwa na koili moja. Hiyo ni pikapu ya J. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa StingRay, yenye hambaka (pikapu ya koili mbili, tazama swali la 3) moja kubwa karibu na daraja, yaani kile kipande cha chuma ambako nyuzi zinafungwa nyuma, na priampu, yaani amplifaya ndogo, yenye betri ndani ya bodi.

Magitaa mengi yanayofika kwetu, hata yenye majina ambayo hujawahi kuyasikia, yamenakili mojawapo ya mipangilio hiyo mitatu au yamechanganya P na J katika bodi moja. Zipo pia zile zilizofunikwa kabisa kwa plastiki kama kipande cha sabuni; huwezi kujua ndani kuna nini mpaka upime au uhesabu waya zinazotoka.

3. Kwa nini besi yangu inavuma, na ya jirani yangu haivumi?

Koili moja ni antena. Inadaka uga wa umeme wa majumbani, ambao kwa Tanzania ni wa hezi 50, na kuutoa kwenye spika kama mvumo mzito usiokoma. Hambaka, iliyobuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson mwaka 1955, huutibu mvumo huo kwa koili mbili: moja imesukwa kinyume cha nyenzake na sumaku zake zimegeuzwa. Sauti ya nyuzi hujumlishwa, huku mvumo wa koili moja ukifuta wa nyingine. Pikapu ya P ya mwaka 1957 hufuata kanuni hiyohiyo, na ndiyo sababu jirani yako mwenye P yuko kimya.

Mwenye J mbili hupata utulivu huo anapofungua volyumu zote mbili sawasawa, ikiwa pikapu mojawapo imesukwa kinyume. Akipunguza moja, mvumo hurudi kidogo. Hilo si ubovu. Mvumo unaobadilika unapogusa nyuzi ni jambo jingine. Tazama swali la 7.

4. Kuna tofauti gani kati ya besi pasivu na besi aktivu?

Besi pasivu haina betri: umeme unaotoka ni ule uliozalishwa na koili tu, na vitufe vyake vinaweza kupunguza lakini haviwezi kuongeza. Besi aktivu ina priampu inayotumia betri ya volti 9, wakati mwingine mbili, na inaweza kuongeza na kupunguza besi, kati na trebo. Aghalabu pikapu zenyewe ni za kawaida na kilicho aktivu ni priampu peke yake. Ziko pikapu, kwa mfano nyingi za EMG, ambazo zina sakiti ndani yake na hazifanyi kazi kabisa bila betri.

Kwa mtu anayepiga kijijini, ambako duka la karibu lina betri za redio tu, mimi hupendekeza pasivu, au aktivu yenye swichi ya kuipitia priampu pembeni. Betri ikifa katikati ya harusi, swichi hiyo ina thamani kuliko priampu yenyewe.

## Kumiliki pikapu katika pwani yetu

5. Je, pikapu huchakaa?

Sumaku haichakai kwa kiwango ambacho sikio litagundua, isipokuwa imekaribiana na sumaku nyingine yenye nguvu, kama ya spika kubwa iliyofunguliwa. Ulegevu wa sauti ambao watu huuita uchovu wa pikapu kwa kawaida ni nyuzi zilizokufa. Badilisha nyuzi kwanza. Kinachoharibika kweli ni waya wa koili, na hapa kwetu unaharibika kwa sababu maalumu, inayoelezwa katika jibu linalofuata.

6. Chumvi ya bahari inaathiri vipi pikapu, na nifanye nini?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwa wanaoishi Mikindani, Shangani, Lindi mjini na Kilwa. Hewa ya pwani hubeba chumvi na unyevunyevu mwaka mzima, na upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini unaweza kuona utando wake kwenye kioo cha dirisha. Utando huohuo unatua kwenye gitaa. Jasho la mpigaji, ambalo nalo ni chumvi, huongezea. Waya wa milimita 0.063 umepakwa varnishi nyembamba ya kuzuia umeme. Mahali varnishi ilipochubuka, au pale waya unapolehemiwa kwenye mguu wa pikapu, kutu ya kijani huanza kula shaba. Kwa kuwa waya ni mwembamba, haihitaji kula sana. Siku moja unapiga, siku ya pili hakuna kitu, au sauti ni hafifu na nyembamba kama inatoka nyuma ya ukuta.

Kinga yake si ya gharama. Futa nyuzi, daraja na uso wa pikapu kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza kupiga. Usiache gitaa limeegemea ukuta unaoelekea bahari. Liweke ndani ya begi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Kamwe usipulizie mafuta ya kuzuia kutu juu ya pikapu, kwa sababu baadhi yake hulainisha varnishi na plastiki. Vichwa vya sumaku vilivyoota kutu ya kahawia visuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli huku pikapu imezibwa kwa utepe, maana chembe za chuma zikikaa kwenye sumaku hazitoki kirahisi.

Wenye magitaa Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, hawana shida hii kwa kiasi kikubwa. Mara nyingi ninapofungua gitaa lililokaa miaka kule na jingine lililokaa miaka michache Lindi mjini, la Newala ndilo huonekana jipya.

7. Mvumo unakoma nikigusa nyuzi. Je, gitaa ni bovu?

Hapana. Nyuzi zimeunganishwa na waya wa erthi kupitia daraja, na unapozigusa mwili wako, ambao ulikuwa ukikusanya mvumo, unageuka kuwa kinga. Ubovu ni pale mvumo unapoongezeka ukigusa nyuzi, au usipobadilika kabisa. Ukiongezeka, mara nyingi waya wa moto na wa erthi vimebadilishana kwenye jeki ya gitaa. Usipobadilika, waya unaokwenda chini ya daraja umekatika au umeoza kwa kutu. Ufunue, kwangua mbao na chuma panapogusana, uufunge upya.

8. Nimepigwa shoti mdomoni nilipogusa maikrofoni. Pikapu ndiyo chanzo?

Pikapu haina umeme wa kukudhuru. Lakini nyuzi zako zimeungana na kasha la amplifaya, na mikono yako imeshika nyuzi. Kama soketi haina erthi ya kweli, au mtu amevunja pini ya erthi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili, kasha hilo linaweza kubeba umeme wa volti 230 unaotafuta njia, na maikrofoni iliyounganishwa na miksa yenye erthi nzuri ndiyo njia yenyewe. Wewe uko katikati. Nimepatwa na jambo hili katika ukumbi ambao sitautaja, na tangu siku hiyo hugusa maikrofoni kwa nyuzi za gitaa kabla ya kuigusa kwa mdomo: ikitoa cheche, sipigi.

Wengine hukata waya wa erthi unaokwenda kwenye daraja wakidhani wamejikinga. Wamepunguza njia moja na kuongeza mvumo, lakini amplifaya mbovu bado iko palepale, tayari kumdhuru mtu mwingine. Rekebisha soketi, tumia amplifaya na miksa kutoka chanzo kimoja cha umeme, na kwa kumbi za jenereta hakikisha jenereta yenyewe imefungwa erthi na ina kifaa cha kukata umeme unaovuja.

9. Pikapu ikae umbali gani kutoka kwenye nyuzi?

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha sumaku. Kwa pikapu za P na J za kawaida, anza na takriban milimita 3 upande wa uzi mnene wa E na milimita 2.4 upande wa uzi mwembamba wa G. Baada ya hapo sikiliza, kisha zungusha skrubu nusu mzunguko kila mara.

Pikapu iliyo karibu mno huvuta uzi kwa sumaku yake: noti za juu za uzi wa E hazidumu, sauti huyumbayumba, na gitaa huonekana halikubali kutyuniwa. Watu wawili mwaka jana waliniletea magitaa wakidai yana shingo iliyopinda; shingo zilikuwa nzima, ila pikapu zilikuwa zimepandishwa hadi kukaribia nyuzi kwa imani kwamba karibu zaidi ni nguvu zaidi. Pikapu iliyo chini mno hutoa sauti safi lakini hafifu. Kama spongi iliyo chini ya pikapu imekufa na haisukumi juu, weka kipande cha ndala kuukuu. Kinafaa kabisa, na sioni aibu kusema hivyo kwa maandishi.

10. Betri ya besi aktivu inaisha haraka. Kwa nini?

Kwa sababu unaacha waya umechomekwa. Katika magitaa mengi jeki ndiyo swichi: waya ukiwa ndani, priampu inafanya kazi, hata kama hupigi. Chomoa kila unapoweka gitaa chini. Dalili ya betri inayokufa ni sauti kukwaruza unapopiga kwa nguvu. Mimi hubadilisha inaposhuka karibu na volti 7, na huitoa kabisa kama gitaa litakaa bila kupigwa zaidi ya mwezi, kwa kuwa betri inayovuja ndani ya bodi huharibu zaidi ya chumvi.

## Kubadili na kurekebisha

11. Nataka kubadili sauti ya besi yangu. Nianze wapi?

Anza na vitu vya bei ndogo, kwa mpangilio huu: nyuzi mpya, kisha urefu wa pikapu (swali la 9), kisha usafi wa jeki na volyumu, kisha kapasita ya toni, na mwisho pikapu. Katika msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha inapokuwa mkononi, watu huanzia mwisho wa mpangilio huu na kurudi nyuma Januari, fedha ikiwa imekwisha.

12. Nitajuaje kama pikapu imekufa?

Weka mita kwenye kipimo cha kilo-omu 20. Njia ya haraka ni kuchomeka waya kwenye gitaa pasivu, kufungua volyumu yote, na kupima kati ya ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Pikapu ya P iliyo nzima husoma takriban kilo-omu 10 hadi 11, ya J takriban 7 hadi 8, ingawa watengenezaji hutofautiana. Namba utakayopata kwa njia hii itakuwa ndogo kidogo kuliko ya pikapu yenyewe, kwa sababu volyumu nayo inapimwa sambamba, na kwenye besi ya J mbili ni lazima ufunge volyumu ya pikapu moja au uachanishe waya zake.

Mita isiposoma kitu, koili imekatika au volyumu ni mbovu. Lehemua pikapu uipime peke yake. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, waya wa moto unagusa erthi mahali fulani. Pikapu ya P ina nusu mbili zilizoungwa kwa mfululizo, hivyo nusu moja ikikatika zote hunyamaza. Katika dharura unaweza kuiruka nusu iliyokufa ili nyuzi mbili zilizobaki ziendelee kusikika. Nyimbo nyingi za kwaya zinavumilia hali hiyo kwa Jumapili moja.

13. Je, pikapu yoyote itaingia kwenye gitaa langu?

Pima kabla ya kutuma fedha Kariakoo. Pikapu ya P ya nyuzi nne ina umbo ambalo watengenezaji wengi wamelifuata. Pikapu za J zina mtego: katika mpangilio wa Fender ile ya daraja ni ndefu kuliko ya upande wa shingo kwa takriban milimita 2 hadi 3, ilhali magitaa kadhaa ya bei nafuu hutumia mbili zenye urefu sawa. Pima urefu, upana, na nafasi kati ya uzi wa E na wa G hapohapo juu ya pikapu. Pikapu ya gitaa la solo itatoa sauti ikiwekwa kwenye besi, lakini sumaku zake zimebanana na nyuzi za pembeni zitapungua nguvu.

Usichimbe bodi kabla pikapu haijafika mkononi mwako.

14. Volyumu na kapasita zina mchango gani?

Zina mchango ambao wengi wanaupa pikapu. Volyumu ya kilo-omu 250 ndiyo ya kawaida kwa pikapu za P na J pasivu. Ya 500 huacha trebo nyingi zaidi ipite, na hufaa hambaka. Pikapu zenye sakiti ndani hutumia 25. Ukiweka pikapu aktivu kwenye volyumu ya 250, kitufe kitafanya kazi kama swichi, kimya kisha ghafla sauti yote.

Kapasita ya toni kwa besi ni ya nanofaradi 47, nayo huandikwa 473. Ya 104, yaani nanofaradi 100, huzamisha sauti zaidi toni inapofungwa. Ya 223 huzamisha kidogo. Fundi redio yeyote anazo ndani ya mbao za redio mbovu. Habari kwamba kapasita za bei kubwa zina sauti tamu zaidi mimi siziamini. Thamani yake inasikika, jina lake halisikiki.

15. Ninalehemu vipi bila kuharibu pikapu?

Tumia chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40 chenye ncha safi, na risasi ya kulehemu ya mafundi redio, si ile ya mabomba. Kwangua mguu wa volyumu, upashe moto, kisha risasi iyeyukie kwenye mguu, si kwenye chuma. Usikae zaidi ya sekunde tatu au nne kwenye miguu ya pikapu, kwa kuwa ndipo ule waya wa unywele ulipofungwa. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua waya wowote. Wengi wanaoniletea gitaa ndani ya mfuko wa plastiki hawakupiga picha.

16. Baada ya kubadilisha pikapu moja, sauti imekuwa nyembamba ninapofungua zote mbili. Nini kimetokea?

Pikapu zako zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na noti nzito zinafutana. Badilisha waya mbili za pikapu moja, wa moto uende erthi na wa erthi uende moto. Kama pikapu hiyo ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya wake wa erthi, tenganisha kwanza kifuniko na kukiunga na erthi kwa waya wake, la sivyo kifuniko chote kitakuwa cha moto na kitavuma ukikigusa.

17. Je, naweza kuziba mvumo kwa foili ya jikoni?

Unaweza kuuzuia mvumo unaoingia kupitia waya na volyumu kwa kuvika shimo la bodi karatasi ya shaba au ya aluminiamu, mradi karatasi yote iwe imeungana na iwe imeshikana na erthi. Aluminiamu ya jikoni haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo utalazimika kuibana kwa skrubu, na gundi iliyo kati ya vipande viwili huzuia umeme kupita. Karatasi ya shaba inalehemika, ila pwani hubadilika rangi haraka. Hakikisha hakuna mguu wa moto unaoigusa. Kazi hii haiondoi ule mvumo unaodakwa na koili yenyewe. Kwa huo rudi kwenye swali la 3.

18. Pikapu iliyokatika inaweza kusukwa upya hapa Mtwara?

Inaweza, lakini fundi wa kusuka mota si lazima awe na waya unaotakiwa. Wa kwake kwa kawaida ni mnene mno. Waya wa milimita 0.063 huagizwa. Kabla ya kufungua koili ya zamani, andika ilizungushwa upande gani, kwa sababu nusu mbili za P na pikapu mbili za J huhitaji pande tofauti. Kabla ya kutupa koili, angalia mwanzo na mwisho wake kwa kioo cha kukuzia: mara nyingi mkatiko uko kwenye mzunguko wa nje kabisa, na kulehemu milimita chache huiokoa.

Koili iliyosukwa huzamishwa kwenye nta ili waya zisitikisike na kupiga kelele. Mchanganyiko wa nta ya mishumaa (parafini ngumu, si mafuta ya taa) na nta ya nyuki, ambayo warina asali wa Liwale huwa nayo, kwa uwiano wa 4 kwa 1, unafaa. Uyeyushe ndani ya sufuria iliyokaa juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa nta hushika moto. Nyuzijoto 65 zinatosha. Zaidi ya hapo plastiki ya pikapu hupinda.

19. Mchongaji anaweza kunitengenezea kifuniko cha pikapu cha mpingo?

Ndiyo, na kinapendeza kuliko plastiki yoyote. Mpingo wa misitu ya Kilwa na Lindi ndio huohuo unaotengenezewa klarineti na obo ulimwenguni, mzito kiasi cha kuzama majini, na wachongaji wa Kimakonde wanaujua kuliko yeyote. Mbao haizuii sumaku, hivyo sauti haibadiliki kwa sababu ya mpingo wenyewe. Inabadilika kwa sababu ya unene: kifuniko cha milimita 3 huisukuma pikapu milimita 3 mbali na nyuzi. Mwombe mchongaji aache unene usiozidi milimita 1 na nusu juu, au matundu ya vichwa vya sumaku. Vumbi lake huwasha ngozi na pumzi. Afanye kazi nje.

## Kulinganisha

20. Je, pikapu yenye omu nyingi ina nguvu zaidi?

Si lazima. Omu ni upinzani wa waya tu. Waya mwembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza mizunguko, na aina ya sumaku haionekani kwenye mita. Zaidi ya hayo shaba huongeza upinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja: pikapu inayosoma kilo-omu 10.0 katika nyuzijoto 20 itasoma karibu 10.5 katika nyuzijoto 33. Nimeshuhudia watu wawili wakibishana juu ya pikapu zilezile, mmoja akiwa amepima usiku wa baridi na mwingine saa nane mchana. Tumia omu kujua uhai wa pikapu, si ubora wake.

21. Nilinganishe vipi pikapu mbili kwa haki?

Sikio hudhani kilicho na sauti kubwa ndicho kizuri. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusawazisha sauti, kwa volyumu au kwa urefu. Tumia nyuzi zilezile na mkono uleule, mahali palepale pa kupigia, ikwalaiza zote katikati. Rekodi moja kwa moja kutoka kwenye miksa, kila pikapu dakika mbili, sehemu moja taratibu na nyingine kwa nguvu. Kisha mwachie mtu mwingine azipange bila kukuambia ipi ni ipi, uzisikilize kesho yake. Usisikilize kwa spika ya simu: uzi wa E ulio wazi una hezi 41 tu, na spika hiyo haiutoi, unasikia mwangwi wake wa juu peke yake.

Jambo gumu ni kwamba kubadilisha pikapu huchukua saa nzima na kumbukumbu ya sauti haidumu hivyo. Ndiyo maana rekodi ya pikapu ya zamani, iliyofanywa kabla ya kuilehemua, ni lazima. Wengi huisahau na hubaki kulinganisha sauti na matumaini.

22. P au J: ipi inafaa kwaya, dansi na taarabu?

Hapa ni maoni yangu. Katika kwaya yenye kinanda kinachojaza chini, P hukaa mahali pake bila kuhangaika na inasikika hata kwenye spika duni. Katika dansi, ambako besi huzungumza na magitaa ya solo na rizimu, J huleta maneno yanayosikika, hasa ukizidisha pikapu ya daraja kidogo. Pikapu zote mbili za J zikifunguliwa kabisa, sauti za kati hupungua, jambo zuri ukiwa peke yako chumbani na baya ukiwa katikati ya tarumbeta. Kwa taarabu nachagua P yenye nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, toni ikifungwa nusu.

23. Ni kipi kinachobadili sauti zaidi, pikapu au mahali ilipo?

Mahali. Pikapu inasikia kipande kidogo tu cha uzi; karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana na sauti huwa nene, karibu na daraja hutikisika kidogo na sauti huwa kavu yenye trebo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Fender ilisogeza pikapu ya daraja ya Jazz Bass kama sentimita 1 tu kuelekea daraja, na wapigaji hadi leo wanatofautisha magitaa ya vipindi hivyo viwili kwa kuyasikiliza. Kabla ya kununua pikapu, sogeza mkono wako wa kulia sentimita 5 mbele au nyuma. Ni bure.

## Hali zisizo za kawaida

24. Nyuzi zangu zimevikwa nailoni nyeusi. Pikapu itazisikia?

Kama ndani mna chuma, itazisikia. Nyuzi za nailoni tupu au za utumbo haitazisikia kabisa. Hizo zinahitaji pikapu ya piezo, inayobanwa chini ya daraja, na priampu yenye mlango wa angalau mega-omu 1. Nyuzi za shaba za besi ya akustika husikika kwa unyonge, kwa sababu kiini chake cha chuma peke yake ndicho kinachofanya kazi.

25. Naweza kuweka pikapu ya besi kwenye ilimba au ala nyingine ya asili?

Kama ulimi wa ala ni wa chuma kinachovutwa na sumaku, ndiyo. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa lilijulikana duniani kwa likembe (ala za ndimi za chuma kama ilimba) zilizowekewa pikapu za kutengenezwa kwa mkono kutokana na sumaku za vipuri vya magari. Jaribu kwa kushika pikapu kwa mkono juu ya ndimi, bila kufunga kitu, ukitafuta mahali zote zinasikika sawa. Ndimi za mianzi hazitatoa chochote.

26. Nikiuza gitaa, niliuze na pikapu mpya au nirudishe ya zamani?

Kwa soko la hapa, mnunuzi hulipa bei ya gitaa, halipi nyongeza ya pikapu. Rudisha ya zamani na uuze mpya peke yake, au ihamishie kwenye besi yako ijayo. Hilo linawezekana tu kama uliitunza: ndani ya mfuko unaozibika, pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, skrubu zake, na kikaratasi kinachosema waya upi ulikuwa wa moto.